Mkimbiaji wa Ridhaa ni Nani? Historia ya Nusu Marathoni kwa Macho ya Aliyemaliza Nyuma

Utangulizi

Jumapili moja ya mwaka jana, kabla hakujapambazuka, nilipanda bodaboda kutoka hosteli hadi mahali zilipoanzia mbio za nusu marathoni hapa Kampala. Nilikuwa nimevaa namba kifuani. Mwendeshaji alipoiona aliniuliza kwa Kiganda, "Nyabo, mkimaliza mtalipwa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba hatulipwi, sisi ndio tumelipa. Alinyamaza mpaka tulipofika kwenye taa za Wandegeya, kisha akauliza tena, "Mmelipa ili mkimbie?" Nilipomtajia ada ya usajili alicheka. Alisema hela hiyo yeye huitafuta siku mbili.

Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake lilinifuata kilomita zote 21. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na historia, si mwanariadha. Nilijifunza kukimbia kwa miezi minne, nikiwa na raba za mitumba nilizonunua Owino, na nilimaliza nikiwa miongoni mwa watu wa mwisho. Watu wa namna yangu huitwa wakimbiaji wa ridhaa. Katika insha hii nataka kueleza jina hilo lilitoka wapi, nani alikuwa na haki ya kuitwa hivyo na nani alifukuzwa, na jinsi mbio za nusu marathoni zilivyokuja kuwa za watu wa kawaida. Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja neno "ridhaa" lilitumika kama mlango wa kuwafungia nje watu wanaofanya kazi kwa mikono yao pamoja na wanawake. Mlango huo ulifunguliwa juzi tu, na bado haujafunguka wote.

Neno na sheria yake

Kwa Kiswahili, ridhaa ni kukubali kwa hiari, kwa moyo wa mtu mwenyewe. Tunasema ndoa hufungwa kwa ridhaa ya pande mbili. Katika michezo tunasema "ngumi za ridhaa" au "timu ya ridhaa" tukimaanisha mchezo usio wa malipo. Neno la Kiingereza tunalolifasiri hivyo lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kupenda. Kwa hiyo, ukiangalia maneno peke yake, mkimbiaji wa ridhaa ni yule anayekimbia kwa sababu amependa. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya ulianza pale neno lilipogeuzwa kuwa sheria.

Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, kukimbia kwa malipo lilikuwa jambo la kawaida. Matajiri walikuwa na matarishi waliokimbia kando ya magari yao ya farasi, na waliwashindanisha matarishi hao huku wakiwekeana dau. Baadaye mashindano yakawa makubwa, watu wakilipa kiingilio ili kuwaona mabingwa. Mmoja wao alikuwa Louis Bennett, mwenyeji wa asili wa Marekani wa taifa la Seneca, aliyejulikana kwa jina la Deerfoot. Mwaka 1863, huko Uingereza, alikimbia maili 11 na yadi 970 kwa saa moja, yaani karibu kilomita 18.6. Alikuwa akiishi kwa miguu yake, kama seremala anavyoishi kwa randa.

Wasomi na mabwana wa London hawakupendezwa na hali hiyo. Mwaka 1866 walianzisha klabu yao ya riadha, Amateur Athletic Club. Kanuni zake za miaka hiyo ya 1860 zilieleza nani ni mwanariadha wa ridhaa. Hakutakiwa kuwa mtu aliyewahi kushindania fedha, wala aliyewahi kufundisha michezo kama njia ya kujipatia riziki. Kisha kikaongezwa kipengele kingine: hakutakiwa kuwa fundi wala kibarua. Mtu angeweza kuwa hajawahi kupokea hata senti moja kwa kukimbia, lakini akakataliwa kwa sababu tu mchana alishika nyundo.

Nilipokisoma kipengele hiki kwa mara ya kwanza nilimfikiria baba yangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Katwe. Kwa kanuni ile, hata kama angekimbia bure na kwa moyo wake wote, asingehesabiwa kuwa mtu wa ridhaa.

Mwaka 1880, chama kipya cha riadha cha Uingereza, Amateur Athletic Association, kilianzishwa mjini Oxford na kuachana na kipengele cha mafundi na vibarua. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Hata hivyo, marufuku ya fedha ilibaki. Kwa tajiri marufuku hiyo haikuwa mzigo. Kwa mfanyakazi aliyekatwa ujira wa siku kila alipokwenda kushindana, ilikuwa sawa na kumwambia abaki nyumbani. Sheria iliacha kumtaja fundi kwa jina, lakini ikaendelea kumtambua kwa mfuko wake.

Mifano miwili inatosha kuonyesha ukali wa sheria hiyo. Mwaka 1912 Jim Thorpe, Mmarekani wa taifa la Sac and Fox, alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm. Mwaka uliofuata alinyang'anywa kwa sababu aliwahi kupokea malipo madogo akicheza besiboli. Kamati ya Olimpiki ilikubali kumrudishia heshima yake mwaka 1982, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu 1953. Mfano wa pili ni Paavo Nurmi wa Finland, aliyekuwa na medali 9 za dhahabu za Olimpiki. Mwaka 1932 alikwenda Los Angeles akitaka kukimbia marathoni, akazuiwa kwa madai kwamba amepokea fedha.

Umbali usio na shujaa

Marathoni ina hadithi yake ya kale ya mjumbe wa Ugiriki. Nusu marathoni haina hadithi kama hiyo, na hata katika Olimpiki haimo. Ni nusu ya umbali ambao wenyewe ulipatikana karibu kwa bahati.

Katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, marathoni ilikuwa na urefu wa kama kilomita 40. Mshindi alikuwa Spyridon Louis wa kijiji cha Marousi, na kazi yake ilikuwa kubeba maji. Ni jambo la kutafakari kwamba bingwa wa kwanza wa mbio hizi alikuwa kibarua, mtu ambaye miaka thelathini kabla asingepewa hata nafasi ya kusimama kwenye mstari na mabwana wa London.

Mwaka 1908 mbio zilipangwa kuanzia Kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme katika uwanja wa White City. Umbali huo ulipopimwa ulikuwa kilomita 42.195. Mwitaliano Dorando Pietri, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vitumbua na keki, aliingia uwanjani wa kwanza, akaanguka mara kadhaa, akasaidiwa kuvuka mstari, na kwa msaada huo akaondolewa katika matokeo. Ushindi ukaenda kwa Mmarekani Johnny Hayes. Mwaka 1921 shirikisho la kimataifa la riadha liliukubali umbali ule wa London kuwa kipimo rasmi. Ukiugawa kwa mbili unapata kilomita 21.0975. Ndizo nilizozikimbia.

Kukosa hadithi kumeipa nusu marathoni faida moja. Haikutengenezwa ili kumtafuta shujaa. Katika marathoni kamili, wengi huishiwa nguvu karibu na kilomita ya 30, pale akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini inapokaribia kwisha. Nusu marathoni humpeleka mtu wa kawaida karibu na mpaka huo bila kumvusha. Mtu anayefanya kazi wiki nzima anaweza kujiandaa alfajiri na jioni, akakimbia Jumapili, na Jumatatu akarudi kazini akichechemea kidogo. Kwa maana hiyo, huu ni umbali unaomfaa mfanyakazi kuliko bwana mwenye muda.

Wanawake barabarani

Nilipomweleza shangazi yangu kwamba najiandaa kwa mbio, hakufurahi. Kwetu Buganda shangazi, yaani ssenga, ndiye mwalimu wa msichana katika mambo ya ukubwa, na neno lake lina uzito. Aliniita chumbani akasema, "Mwanangu, miguu yako ni mizuri. Mbona unataka kukitikisa kizazi barabarani?" Nilipiga magoti nikamsikiliza mpaka mwisho, sikubishana naye. Lakini baadaye maktabani niligundua kwamba shangazi hakuwa peke yake. Mawazo kama yake yaliwahi kutolewa na madaktari na viongozi wa michezo wa Ulaya na Marekani wenye shahada zao.

Mwaka 1928, huko Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa Lina Radke wa Ujerumani. Magazeti yaliandika kwamba wakimbiaji walianguka ovyo na kuzimia, habari zilizotiwa chumvi sana, kwa kuwa wote 9 wa fainali walimaliza. Hata hivyo mbio hizo ziliondolewa, na wanawake hawakukimbia tena mita 800 za Olimpiki hadi Roma 1960. Kwa miaka 32 dunia ilikubaliana kwamba mizunguko miwili ya uwanja ni hatari kwa mwanamke.

Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliomba kukimbia marathoni ya Boston akakataliwa. Alijificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia, akaingia kati ya wanaume mbio zilipoanza, na akamaliza kwa kama saa 3 na dakika 21, mbele ya wengi wao. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alisajiliwa kwa herufi za kwanza za majina yake, akapewa namba 261. Njiani msimamizi mmoja alimvamia na kujaribu kumvua namba ile. Picha za tukio hilo zilienea duniani. Boston iliwakubali wanawake rasmi mwaka 1972, na marathoni ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 1984, pale Joan Benoit wa Marekani aliposhinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52.

Mwaka 1984 shangazi yangu alikuwa msichana wa shule. Kwa hiyo historia hii si ya kale. Mwanamke aliyelelewa kabla ya hapo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba barabara si mahali pake.

Juni 1981

Nchini New Zealand, katika miaka ya 1960 mwanzoni, kocha Arthur Lydiard, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha viatu, aliwahimiza watu wazima wa kawaida kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Mwaka 1962 ikaanzishwa klabu ya watu hao mjini Auckland. Kocha wa Kimarekani Bill Bowerman aliwatembelea, akarudi kwao na wazo hilo, na mwaka 1967 akashiriki kuandika kitabu kuhusu mbio za polepole kilichosomwa na wengi. Kabla ya hapo, mtu mzima aliyekimbia mtaani bila kufukuzwa na mbwa wala polisi alionekana kama mwenye kasoro.

Auckland ilikuwa na mbio za umma zilizopita kando ya ghuba zake. Mwaka 1979 Mwingereza Brendan Foster, mshindi wa medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya 1976, alikwenda huko na kukimbia pamoja na umati. Aliporudi kwao kaskazini mwa Uingereza, eneo la migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya meli, alianzisha mbio za nusu marathoni kutoka Newcastle hadi South Shields kwenye ufuko wa bahari. Ziliitwa Great North Run. Mbio za kwanza zilifanyika Juni 1981, na watu wapatao 12,500 walijiandikisha. Mshindi alikuwa Mike McLeod, lakini kilichokumbukwa ni ule umati uliokuwa nyuma yake. Mwaka 2014 mbio hizo zilimpokea mtu wa milioni moja kumaliza tangu zianze.

Mwezi huohuo wa Juni 1981, mjini Portland, Marekani, wanariadha waliochoshwa na bahasha za siri walikimbia kilomita 15 na kupokea zawadi za fedha mbele ya watu wote. Anne Audain wa New Zealand alishinda upande wa wanawake. Viongozi wa riadha waliwatishia kuwafungia, lakini ukuta ulikuwa umekwisha kupata ufa. Mwaka 1982 shirikisho la kimataifa liliruhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika mifuko maalumu. Mwaka 2001 shirikisho hilo liliondoa neno la "ridhaa" katika jina lake, ambamo lilikuwa limekaa tangu lilipoundwa mwaka 1912.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia hii. Tungetarajia kwamba fedha zikiruhusiwa, mkimbiaji wa ridhaa atatoweka. Kilichotokea ni kinyume chake. Ridhaa ilipoacha kuwa sheria ya kumpima bingwa, ilibaki kuwa hali ya mtu yeyote anayependa kukimbia. Bingwa alichukua zawadi yake bila kujificha, na sisi wengine tukapata nafasi nyuma yake katika barabara ileile. Hali kama hii haipo katika michezo mingi. Mpenzi wa mpira hawezi kuingia kiwanjani wakati wa fainali ya Kombe la Dunia. Mkimbiaji wa mwisho huanza kwa mlio uleule wa bunduki unaomwanzisha bingwa.

Kwetu Afrika Mashariki

Historia yetu ilipita njia tofauti kidogo. Wanariadha wetu wa zamani hawakuwa mabwana wenye mashamba. Wengi waliajiriwa na jeshi, polisi au magereza, na ajira hiyo iliwawezesha kufanya mazoezi huku wakiitwa wa ridhaa. Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma 1960 bila viatu, alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme wa Ethiopia. John Akii-Bua wetu, aliyeipatia Uganda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mita 400 kuruka viunzi mjini Munich 1972, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa London 2012, ni mtu wa magereza.

Nusu marathoni nayo ilitufaa mapema. Mashindano ya kwanza ya dunia ya umbali huu yalifanyika mwaka 1992 pamoja na Great North Run, na mshindi wa wanaume alikuwa Mkenya Benson Masya, ambaye kabla ya hapo alikuwa bondia. Miaka 28 baadaye, mjini Gdynia, Poland, Jacob Kiplimo wa Uganda alitwaa taji hilo. Mwaka 2021 alikimbia nusu marathoni ya Lisbon kwa dakika 57 na sekunde 31, rekodi ya dunia wakati huo. Linganisha na Deerfoot, ambaye kwa saa nzima hakufika kilomita 19.

Lakini mabingwa walitangulia na umma ukafuata baadaye sana. Mbio za Kilimanjaro mjini Moshi zilianza 2003, za Kampala 2004, na za amani za Kigali 2005. Mbio za kuzaliwa kwa Kabaka, zinazoanzia Lubiri huko Mengo, zilianza 2014 na hukusanya fedha kwa ajili ya afya. Zote zina umbali wa kilomita 21. Mama muuza matunda, karani, mwanafunzi na mchungaji wa kanisa huvaa fulana moja. Kwa mara ya kwanza, watu wa hapa wanakimbia bila mtu kuwauliza kama ni Wasabei kutoka Kapchorwa au wameajiriwa na jeshi.

Kilomita za mwisho

Sasa nieleze kwa ufupi jinsi mbio zangu zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zilizonionyesha mambo ambayo vitabu havikunionyesha.

Kilomita 5 za kwanza nilikosea kwa kukimbia na umati. Kampala ni mji wa vilima, na kila mteremko niliofurahia ulikuwa deni la kulipwa mbele. Kwenye kilomita ya 9 mzee mmoja mwenye mvi alinipita akihema taratibu. Akaniambia, "Mpola mpola, mwanangu," yaani polepole. Nilimfuata mpaka kilomita ya 14, kisha nikamwona akipotea kwenye kilima. Watu waliosimama kando ya barabara walituambia "Gyebaleko", salamu ambayo kwa Kiswahili ni sawa na "pole kwa kazi". Niliipenda salamu hiyo kwa sababu haimsifu mshindi. Humpa heshima mtu yeyote aliye kazini.

Kwenye kilomita ya 16 niliifikia meza ya maji, nikakuta chupa tupu zimetapakaa chini. Maji yalikuwa yamekwisha. Kijana wa kujitolea aliyekuwa pale alisema samahani, akaendelea kukunja kitambaa cha meza. Meza iliyofuata ilikuwa imekwisha kuondolewa. Magari yalikuwa yameanza kurudishwa barabarani, nasi tuliobaki tulikimbia kwenye ukingo, tukimeza vumbi na moshi. Jua lilikuwa limepanda. Nilihisi chumvi imekauka usoni na kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwaka moto ndani ya raba ya Owino.

Nilipofika kwenye stegi moja ya bodaboda nilisimama. Nilikuwa nimeamua kupanda nirudi hosteli. Mwendeshaji mmoja alinitazama namba, hakuniuliza lolote, akachukua kidumu cha maji walichokuwa wakinywea wote, akanimiminia viganjani. Nilikunywa, nikanawa uso. Mwenzake akasema, "Zimebaki kama nne tu, nyabo. Ukipanda kwangu nitakutoza." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaanza kutembea, kisha nikakimbia.

Katika kilomita hizo nilimkumbuka John Stephen Akhwari wa Tanzania. Huko Mexico mwaka 1968 aliumia njiani katika marathoni, akaendelea akiwa amefungwa bendeji mguuni, na akaingia uwanjani wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Mimi sikutumwa na nchi. Nilikwenda kwa ridhaa yangu, na ndiyo sababu nilikuwa na kila nafasi ya kuacha.

Nilivuka mstari baada ya saa 2 na dakika 51 kwa saa yangu ya mkononi. Ile saa kubwa ya pale ilikuwa imezimwa, na mafundi walikuwa juu ya ngazi wakifungua vyuma vya lango. Mmoja wao aliteremka, akanitolea medali kwenye boksi.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba mkimbiaji wa ridhaa wa miaka ya 1860 alitambuliwa kwa watu aliowakataa: fundi, kibarua, mlipwaji, na mwanamke ambaye hakufikiriwa kabisa. Nimeonyesha pia kwamba hatua zilizomleta mtu wa kawaida barabarani zilipigwa na watu wa aina ileile iliyokataliwa, kuanzia mbeba maji wa Marousi hadi mtu wa kiwanda cha viatu wa Auckland, na na wanawake waliokimbia bila ruhusa. Mabadiliko hayo yalikamilika kisheria katika kizazi cha wazazi wetu.

Lakini sheria ikifa, desturi zake huweza kuishi. Leo hakuna kanuni inayomkataza mwendesha bodaboda kukimbia. Anazuiwa na ada ya siku mbili na Jumapili isiyo na mapumziko. Hakuna kanuni inayosema wa mwisho ni mtu wa chini. Maji yakimwishia na barabara ikifunguliwa kabla hajapita, ujumbe anaoupata ni uleule. Ningependa waandaaji wa mbio zetu watenge namba za bei nafuu kwa watu wa kipato cha siku kwa siku, na wahesabu maji kuanzia kwa mtu wa mwisho kurudi nyuma, si kuanzia kwa wa kwanza. Hayo si mambo makubwa. Ni madogo kuliko yale yaliyokwisha kushindwa tangu 1866.

Jioni ile nilimpelekea baba medali kibandani kwake Katwe. Alivua miwani ya kuchomelea, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha kwenye ukingo. Akasema imemiminwa kwenye kalibu mbovu, angeweza kuniundia nzuri zaidi. Kisha akaitundika kwenye msumari ukutani, juu ya nyundo zake, akaniuliza mwaka huu mbio ni lini, na kama wazee wanaruhusiwa. Nilimwambia wanaruhusiwa. Nikafurahi kwamba, kwa kiasi cha sheria, lilikuwa jibu la kweli.